Sungura Yupi wa Kumwamini? Kulinganisha Nembo za Vipodozi Visivyojaribiwa kwa Wanyama

Weka makopo matatu ya losheni kwenye rafu moja. La kwanza lina sungura anayeruka na nyota. La pili lina sungura mwingine pamoja na neno PETA, jina la shirika la kutetea wanyama. La tatu lina sungura aliyechorwa na msanii wa kampuni yenyewe, na chini yake maneno ya Kiingereza kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama. Mnunuzi anaona sungura watatu na kudhani ahadi ni moja. Nyuma ya sungura wa kwanza kuna mkaguzi. Nyuma ya wa pili kuna sahihi ya kampuni. Nyuma ya wa tatu mara nyingi hakuna mtu yeyote.

Nauza vipodozi, na wateja wanaouliza habari hii wanazidi kuongezeka, hasa vijana. Wanataka kujua wanunue kipi, basi jibu langu naliweka mbele kabisa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua chenye nembo ya Leaping Bunny, yule sungura wa kwanza anayeruka. Ukikikosa, chukua kilichomo kwenye orodha ya PETA. Neno "vegani" lichukulie kuwa linajibu swali jingine. Maneno ya kampuni kujisifu yenyewe yahesabu kama tangazo. Na kwa mafuta ya mwili na sabuni, mara nyingi huna haja hata ya kufika kwenye rafu hiyo.

Kinachokataliwa ni kitu gani hasa

Jaribio lililopata umaarufu mbaya kuliko yote linaitwa Draize, kwa jina la John Draize, mtaalamu wa sumu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, aliyelichapisha pamoja na wenzake mwaka 1944. Anachukuliwa sungura mweupe. Kope ya chini ya jicho moja inavutwa mpaka iwe kama kijifuko, humo inatiwa mililita 0.1 ya kimiminika kinachopimwa, au miligramu 100 ikiwa ni unga, kisha jicho linafumbwa kidogo ili kitu kisimwagike. Jicho la pili linaachwa hivyo hivyo ili liwe la kulinganishia. Mtafiti anarudi baada ya saa 1, saa 24, saa 48 na saa 72, na ikibidi anaendelea hadi siku 21, kila mara akiandika alama: kioo cha jicho kimeingia ukungu kiasi gani, utando umevimba vipi, uchafu unatoka au hautoki. Alama za juu kabisa ni 110, na 80 kati ya hizo ni za kioo cha jicho peke yake. Kwa miongo mingi sungura hao walibanwa shingo kwenye kisanduku ili wasijifute macho kwa miguu. Jaribio likiisha, kwa kawaida wanauawa.

Sungura alichaguliwa kwa sababu hana fujo, ana jicho kubwa, na machozi yake ni machache, kwa hiyo kilichotiwa hakioshwi haraka. Upole wake ndio uliomponza. Yapo pia majaribio ya ngozi iliyonyolewa manyoya, majaribio ya mzio kwa simbilisi, na lile la panya wanaolishwa kitu hadi ijulikane ni kiasi gani kinaua nusu yao, ambalo lilianza mwaka 1927.

Lakini waliobuni vipimo hivi walikuwa na hofu ya kweli. Mwaka 1933 Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyouzwa kwa jina la Lash Lure, yenye kemikali ya parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Wanawake waliipaka wakatokwa na vidonda machoni, na wengine wakapofuka. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoipa FDA mamlaka juu ya vipodozi. PPD hiyo hiyo tunayo hapa kwetu: ndiyo inayoifanya piko iwe nyeusi ti, ile rangi ya nywele wanayochorwa maharusi wa pwani mikononi na miguuni pamoja na hina au badala yake. Wako waliorudi kutoka harusini na malengelenge yaliyofuata mistari ya maua waliyochorwa. Kwa hiyo hakuna anayepinga kwamba usalama lazima upimwe. Ugomvi uko kwenye njia ya kupimia.

Na njia nyingine zipo. Aprili 1980 mwanaharakati Henry Spira na wenzake walilipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Revlon ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili itafutwe njia mbadala. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikaanzisha kituo cha utafiti wa njia hizo, kwa fedha za wenye viwanda vya vipodozi wenyewe. Leo maabara zinaotesha ngozi ya binadamu. Seli, nyingi zikitokana na mabaki ya upasuaji, zinawekwa kwenye kijikombe mpaka zifanye tabaka kama la ngozi ya juu. Kitu kinachopimwa kinapakwa hapo, baada ya dakika kadhaa kinaoshwa, ngozi inaachwa kwa saa 42, halafu inatiwa dawa ambayo seli zilizo hai tu ndizo zinazoigeuza kuwa zambarau. Zambarau ikishuka hadi nusu au chini ya nusu, kitu hicho kinahesabiwa kuwa kinaunguza au kuwasha. Kwa upande wa macho hutumika, pamoja na njia nyingine, macho ya ng'ombe yaliyochukuliwa machinjioni baada ya ng'ombe kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Anayekuambia kwamba bila sungura hakuna vipodozi salama amepitwa na wakati.

Leaping Bunny na PETA

Hizi mbili ndizo zinazokutana na mteja zaidi, na ndizo zinazochanganywa zaidi.

Leaping Bunny ilianza mwaka 1996, pale mashirika ya kutetea wanyama ya Marekani na Kanada yalipoungana yapate kipimo kimoja badala ya kila mmoja kuwa na chake. Nje ya nchi hizo mbili inasimamiwa na Cruelty Free International ya Uingereza, shirika ambalo asili yake ni mwaka 1898. Kampuni inayoomba nembo inatakiwa iweke tarehe ya ukomo. Kuanzia tarehe hiyo, yenyewe, kiwanda kinachoitengenezea na wanaoiuzia malighafi hawaruhusiwi kumjaribia mnyama bidhaa iliyokamilika, mchanganyiko, wala kiambato kimoja kimoja.

Tarehe hiyo wateja hawaioni, lakini kwangu ndiyo moyo wa jambo lote. Karibu kila kiambato kikongwe kimewahi kujaribiwa kwa mnyama mahali fulani, zamani. Kampuni ikikuambia viambato vyake vyote havijapata kugusa mnyama tangu dunia iumbwe, ama haijui ama haisemi kweli. Tarehe ya ukomo haijifanyi kufuta yaliyopita. Inachofanya ni kuzuia pesa yako isilipie jaribio jipya.

Kuna na suala la malighafi. Kampuni yenye jina kwenye kopo mara nyingi haitengenezi hata kiambato kimoja. Glisirini inanunua huku, manukato kule, kihifadhi kwa mwingine, rangi kwa mwingine tena. Kama kuna mnyama aliyeteswa, ni rahisi zaidi awe huko nyuma, kwenye maabara ya muuza malighafi ambaye jina lake hutaliona popote kwenye karatasi ya kopo. Ndiyo maana kampuni inaweza kuandika "hatujaribu bidhaa zetu kwa wanyama" na ikawa inasema kweli tupu, huku mwenzake wa nyuma akijaribu. Leaping Bunny inaidai kampuni iwe na mfumo wa kuwafuatilia hao wote, iwe na matamko yao ya maandishi, ikubali mkaguzi huru kuja kufungua mafaili, na ithibitishe upya kila mwaka. Garnier ilipopata nembo hii mwaka 2021 ilieleza kwamba ilibidi ikusanye matamko kutoka kwa wauzaji zaidi ya 500 kuhusu viambato zaidi ya 3,000. Hebu fikiria barua ngapi hizo.

PETA ina orodha yake inayoitwa Beauty Without Bunnies. Kampuni inajaza maelezo na kutia sahihi tamko kwamba yenyewe na wauzaji wake hawafanyi, hawaagizi, hawalipii wala hawaruhusu majaribio kwa wanyama popote duniani. Tamko hilo si karatasi ya mchezo, maana kampuni inayojulikana ikikamatwa imedanganya itaaibika mbele ya wateja wake wote. Hata hivyo dhamana ni sahihi hiyo. Hakuna mkaguzi wa nje anayelazimika kuingia ghalani.

Ukiziweka uso kwa uso kwa upande wa uhakika, Leaping Bunny inashinda, na sioni haja ya kulipamba hilo. Lakini PETA ina nguvu zake, na mimi huitumia sana. Orodha yake ni ndefu mno, na ina kampuni nyingi ndogo ambazo zisingeweza kumudu kazi ya kufuatilia wauzaji kwa kiwango cha mwenzake. Inatenganisha waziwazi makundi mawili, wasiojaribu kwa wanyama, na wasiojaribu ambao pia hawatumii kitu chochote cha mnyama, jambo ambalo Leaping Bunny haligusi kabisa. Zaidi ya hayo, inayo orodha ya kampuni ambazo bado zinajaribu au zinaruhusu majaribio. Hiyo ndiyo ninayoifungua kwanza mteja akinitajia jina nisilolijua, kwa kuwa kumjua anayejaribu ni nusu ya kazi.

Kumbuka pia kwamba nembo hulipiwa. Kampuni inaweza kuwa imeidhinishwa na isichapishe sungura kwenye kopo ili kuokoa gharama ya leseni. Kwa hiyo kukosekana kwa sungura si ushahidi wa ubaya. Andika jina la kampuni kwenye tovuti za Leaping Bunny na PETA, uone kama limo.

Kampuni ndogo nzuri, mama mkubwa mwenye doa

Hapa ndipo watu wema wanapogombana. Garnier ina Leaping Bunny, lakini ni mali ya L'Oréal, kampuni mama ambayo kwa ujumla wake haina. Dove iliingia orodha ya PETA Oktoba 2018, nayo ni ya Unilever yenye majina mengine chungu nzima yasiyo kwenye orodha hiyo. The Body Shop, duka lililoanzishwa na Anita Roddick mjini Brighton mwaka 1976 na lililokuwa mstari wa mbele kupinga majaribio haya, liliuzwa kwa L'Oréal mwaka 2006, na wateja wake wa zamani waliumia kweli. Mwaka 2017 likaenda kwa Natura ya Brazil, na baadaye kwa wengine, lakini sungura wake akabaki.

Wapo wanaosema usimpe mama pesa kwa kupitia kwa mtoto. Nawaelewa. Mimi naona tofauti. Losheni za kampuni kubwa ndizo zinazojaa kwenye supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam; kampuni kubwa ikimwambia muuza malighafi kwamba haitanunua tena kilichojaribiwa, huyo anatikisika kuliko akiambiwa na kiduka cha mtaani London. Mnunuzi anayechukua kopo lenye nembo na kuliacha lisilo nayo, hata kama yote ni ya mama mmoja, anaandika kwenye hesabu za kampuni hiyo kitu kinachosomeka. Anayetaka msimamo mkali zaidi anunue kwa kampuni zinazojitegemea. Ni uamuzi wa heshima, na gharama yake ni kwamba mara nyingi ataagiza kutoka mbali.

"Imetoka Ulaya" na "imetengenezwa China"

Wauzaji wengi hutumia maneno haya kama cheti, la kwanza la wema, la pili la ubaya. Yote mawili yanahitaji kuchunguzwa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kujaribu vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ukapiga marufuku kujaribu viambato vyake mwaka 2009, na tarehe 11 Machi 2013 ukafunga kabisa uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama ili kutimiza sheria ya vipodozi, hata kama jaribio limefanyika nje. Uingereza ilikuwa imekwisha kuzuia majaribio hayo mwaka 1998. Baadaye wamefuata wengine: India mwaka 2014, Australia 2020, Meksiko 2021, Kanada 2023, Brazil 2025. Ni ushindi mkubwa. Lakini Ulaya hiyo hiyo ina sheria ya kemikali iitwayo REACH, ya mwaka 2006, inayowalinda wafanyakazi wa viwandani na mazingira, nayo inaweza kudai jaribio kwa mnyama hata kwa kiambato kinachotumika kwenye vipodozi peke yake. Kampuni ya Symrise ya Ujerumani ilikataa kufanya majaribio ya viambato viwili vya losheni za jua, homosalati na kingine cha jamii hiyo, ikaenda mahakamani, na Novemba 2023 ikashindwa. Kwa hiyo mtu akileta zawadi ya losheni kutoka Rotterdam au Birmingham, ameleta kitu kilicho upande mzuri, ila sungura wa Leaping Bunny juu yake bado ana cha kuongeza.

Kuhusu China, kinyume chake ndicho kinachowashangaza watu. Kwa miaka mingi China ilidai majaribio kwa vipodozi vya kigeni vinavyoingia kuuzwa kwenye maduka yake. Ndiyo sababu kampuni ya vipodozi ya NARS ilipotangaza mwaka 2017 kwamba itaingia soko hilo, wateja wake walikasirika hata wengine wakaihama. Ila kipodozi kilichotengenezwa Guangzhou kwa ajili ya kusafirishwa kuja Kariakoo au Dubai hakikuwa chini ya dai hilo, kwa kuwa kinafuata sheria ya nchi kinakokwenda. Kuandikwa "China" chini ya kopo hakuthibitishi chochote, upande wowote. Cha kuangalia ni kama kampuni inauza kwenye rafu za China, na inauza kitu gani. Mwaka 2014 vipodozi vya kawaida vilivyotengenezwa humo ndani vilisamehewa, na kuanzia tarehe 1 Mei 2021 hata vya kawaida vinavyoingizwa kutoka nje vinaweza kusamehewa vikiwa na cheti cha utengenezaji bora kutoka serikali ya nchi vilikotoka na ripoti ya usalama. Vile vinavyoitwa maalumu, kama rangi za nywele, losheni za jua, za kung'arisha ngozi na za kuzuia nywele kunyonyoka, havikupata msamaha huo.

Vegani, halali, asili

Maneno haya matatu hukaa karibu na sungura kwenye kopo, lakini kila moja lina swali lake.

Vegani maana yake ndani hamna kitu kilichotoka kwa mnyama. Chama cha Vegan Society cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1944, kina alama yenye ua la alizeti, na chenyewe kinakataa pia majaribio. Lakini neno likiandikwa tupu bila alama linaweza kuwa la viambato tu. Kinyume chake kipo pia: rangi ya mdomo yenye Leaping Bunny inaweza kuwa na nta ya nyuki, lanolini inayotoka kwenye sufu ya kondoo, au karmini. Karmini, inayoandikwa CI 75470 kwenye orodha ya viambato, ni wekundu unaopatikana kwa kukausha na kusaga wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, wengi wao wakitoka Peru. Ukigeuza rangi ya mdomo nyekundu au blusha ya waridi na kusoma mgongo wake, namba hiyo utaikuta mara nyingi kuliko unavyodhani. Kama kinachokukera ni mateso ya maabara, nta ya nyuki haitakusumbua. Kama hutaki mnyama atumike kabisa, tafuta alama zote mbili.

Halali inaangalia kitu kingine, hasa nguruwe na najisi: jelatini, glisirini na asidi za mafuta zimetoka wapi. Haiulizi kuhusu sungura. Na kuhusu rangi ya wadudu wanazuoni hawajaafikiana, kwa hiyo mteja Mwislamu anayejali namuelekeza kwenye rangi zisizo na karmini, ambako maswali yote mawili yanakwisha kwa mkupuo mmoja.

"Asili" na "ya mitishamba" ni maneno yasiyo na mlinzi. Yanaweza kuandikwa na yeyote.

Kopo lenye nembo, au chupa ya mafuta ya nazi

Tunazungumza mno kuhusu rafu za supamaketi na kusahau vilivyo mezani petu. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Tanga au Kilifi, mafuta ya ubuyu, liwa iliyosagwa juu ya msio, singo ya Zanzibar yenye asmini na waridi, sabuni za mwani za Paje, siagi ya moyao (shea) kutoka kaskazini mwa Uganda, hina ya majani iliyopondwa: hakuna maabara iliyohitaji kumtia sungura machoni liwa. Usalama wa vitu hivi umejulikana kwa kutumiwa na binadamu kizazi baada ya kizazi. Havina nembo kwa sababu kinamama wanaovitengeneza hawana fungu la kulipia leseni wala sababu ya kuomba. Kwa kulainisha ngozi, kwa kusugua mwili, kwa kupaka nywele kabla ya kusuka, navipendelea kuliko kopo lolote, na pesa inabaki kwa aliyekamua.

Mpaka wake ni huu. Kitu kikiacha kuwa mafuta au majani na kuwa krimu yenye maji ndani, kinahitaji kihifadhi, la sivyo kitaota ukungu. Na hapo swali la viambato linarudi palepale. Na krimu za kung'arisha zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na jina, zikisifiwa kuwa ni mizizi ya asili, zimekuwa zikikutwa na zebaki na haidrokwinoni. Zebaki inaharibu figo. Ukisikia "haijajaribiwa kwa wanyama" juu ya krimu ya namna hiyo, anayejaribiwa ni wewe. Hapa alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi Tanzania Bara, au ya KEBS, mwenzake wa Kenya, inatangulia mbele ya sungura yeyote. Alama hizo hazisemi lolote kuhusu wanyama, na sungura hasemi lolote kuhusu zebaki. Unavihitaji vyote viwili.

Bidhaa kwa bidhaa

Kwa maskara, wanja wa kopo na rangi za macho, shikilia nembo bila kulegeza, maana hizi ndizo zinazogusa jicho, na chaguo zenye Leaping Bunny au PETA ni nyingi hata kwa bei za chini, e.l.f. ni mfano wa kampuni ya bei nafuu iliyomo kwenye zote mbili. Shampuu na losheni vivyo hivyo, hakuna kisingizio tena. Poda na fondesheni za ngozi nyeusi zilikuwa shida zamani, kwa kuwa kampuni zenye nembo hazikuwa na rangi zetu. Siku hizi hali imebadilika, ingawa rangi yako kamili unaweza kuikuta kwenye kopo lisilo na sungura na ikakubidi uamue.

Rangi za nywele ni ngumu zaidi. Zina viambato vikali, ziko kwenye kundi maalumu la China, na kampuni kubwa za rangi hazijaharakisha. Anayeweza kutosheka na wekundu wa hina safi amepata njia rahisi. Anayetaka nyeusi asipake piko kwenye ngozi kabisa, kwa usalama wake mwenyewe kabla ya ule wa sungura.

Kuhusu losheni ya kukinga jua, anayependa kuchagua atafute inayotumia zinki oksaidi, akwepe mgogoro ule wa homosalati. Lakini mtu mwenye ualbino asitafute nembo yoyote. Jua letu linamletea saratani ya ngozi, na losheni iliyopo leo ndiyo ya kupaka leo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinatengeneza losheni iitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, na wanapewa bila malipo. Aliye karibu na huduma hiyo aifuate, asimruhusu mtu yeyote mwenye orodha mkononi kumtia unyonge.

Kwa kampuni usiyoikuta kwenye orodha yoyote, waandikie. Uliza mambo manne: je, wauzaji wenu wa malighafi nao hawajaribu kwa wanyama, tarehe yenu ya ukomo ni ipi, nani wa nje anayekagua, na je, mnauza mahali ambapo serikali inadai majaribio? Mtengenezaji mdogo wa Arusha au Mombasa anaweza kukujibu kwa simu moja, tena kwa furaha, maana anajua kila pipa alilonunua. Kampuni kubwa ikikujibu kwa sentensi kwamba haijaribu kwa wanyama "isipokuwa pale sheria inapotaka", isome tena sentensi hiyo kuanzia neno "isipokuwa". Maana yake ni kwamba wanajaribu, au wanalipa mwingine ajaribu, kwenye nchi ambazo wamechagua wenyewe kuingia. Rudisha kopo hilo kwenye rafu na uchukue la pembeni yake.